Mtoto wa Mbwa Chotara: Atakuwa Mkubwa Kiasi Gani?

Mazungumzo na wananchi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera

 

Nilipoelezwa kwamba safari hii nitazungumza nanyi juu ya watoto wa mbwa, nilidhani wenzangu ofisini wananitania. Mmezoea kutuona tukija na habari za mizani ya kahawa, mbolea iliyochanganywa na mchanga, na mashine za kusukuma maji zinazokufa kabla ya kiangazi kwisha. Mbwa, kwa wengi wetu, si bidhaa. Mbwa huombwa kwa jirani, hupewa jina, hutupiwa kipande cha ugali, na maisha huendelea. Lakini mambo yamebadilika. Wizi wa mbuzi na wa kahawa mbichi shambani umewafanya watu wa Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na kwingineko watafute mbwa mkubwa wa kulinda, na palipo na anayetafuta hapakosi anayeuza. Leo mtoto wa mbwa anayeitwa chotara huuzwa kwa bei inayokaribia au kupita ya mbuzi. Na anachouziwa mnunuzi hasa si yule mtoto aliye mikononi mwake. Anauziwa ukubwa atakaokuwa nao mwakani.

Wazee waliopo hapa wanaijua butura vizuri kuliko mimi. Mkulima mwenye shida huiuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya maua, na mlanguzi hungoja kuvuna buni. Katika butura mkulima ndiye aumiaye, kwa sababu anauza kitu ambacho bado hakijaonekana. Katika mbwa chotara mambo yamepinduka: mnunuzi ndiye anayelipa leo bei ya mavuno ambayo huenda yasionekane kamwe. Kwa hiyo nimekuja kueleza kwa kadiri gani ukubwa wa mtoto wa mbwa unaweza kutabirika, na ni wapi utabiri unapogeuka kuwa udanganyifu.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu, maana nisingependa mdhani kwamba naongea mambo ya kusoma tu. Nilipokuwa chuoni, mama yangu aliibiwa mbuzi wawili kwa usiku mmoja. Wiki chache baadaye alipita muuzaji kwa pikipiki, nyuma amefunga boksi lenye watoto wanne wa mbwa. Alimwambia mama mambo matatu: kwamba watoto wale wana wiki 8, kwamba baba yao ni Jemani Shepadi halisi, na kwamba wamekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kisha akaongeza la nne, akiweka mkono usawa wa kiuno chake: "Mama, huyu atafika hapa." Mama alimchagua dume mwenye mgongo mweusi na tumbo la duara, akampima kwa mizani ya dukani kwa jirani, akapata kilo 6. Alilipa shilingi 120,000.

Siku ya tano mama aliokota jino dogo kwenye gunia alilolalia yule mbwa. Alidhani limeng'oka kwa kutafuna ubao wa mlango. Aliniambia kwenye simu, nami nikacheka, nikamwambia ampe chakula laini. Ninalitaja jino lile kwa sababu lilikuwa na habari yote ndani yake, na mimi, msomi wa chuo kikuu, sikuweza kuisoma.

Mbwa yule alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 13. Ni mbwa mzuri, mchangamfu, mwenye sauti. Ila kiunoni mwa mtu hafiki. Magoti yangu anayapita kidogo tu akijinyoosha.

Tulitabiri vibaya wapi? Hapa sina budi kueleza kidogo jinsi mbwa wanavyokua.

Mbwa wa kienyeji wa sehemu zetu hizi ni mbwa wa wastani. Akiwa mzima na mwenye afya huwa kwa kawaida na uzito wa kati ya kilo 10 na 20, jike akiwa mwepesi kuliko dume. Msimdharau. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Namibia na majirani zetu wa Uganda, ng'ambo tu ya mto Kagera. Mbwa wa Uganda walionekana kuwa, kwa sehemu kubwa kabisa, wa asili ya Kiafrika, si mabaki ya mbwa wa Kizungu waliopotea njia. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: mtoto wa mbwa aliyezaliwa kijijini, ambaye baba yake hajulikani, ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa kienyeji mtupu, hata kama rangi yake inakukumbusha mbwa wa polisi.

Jemani Shepadi ni habari nyingine. Kwa vipimo vinavyokubaliwa na wafugaji wa kimataifa, dume huwa na kimo cha sentimeta 60 hadi 65 begani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike ni sentimeta 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Rotiwaila dume hufika kilo 50. Ukimchanganya mmoja wa hawa na mbwa wetu, watoto wa kizazi cha kwanza kwa kawaida huangukia katikati ya wazazi wao. Baba wa kilo 36 na mama wa kilo 14 wakizaa, tarajia mbwa wa kilo 20 na kitu, akipungua au kuzidi kidogo. Huyo ni mbwa mkubwa kwa macho yetu, lakini hafiki ukubwa wa baba yake, na asiyekueleza hivyo anakuuzia baba wakati umelipia mtoto.

Kizazi cha pili ndicho chenye mtego. Wafugaji wa ng'ombe watanielewa upesi. Ukimpandisha ng'ombe wa Ankole kwa mbegu ya Friziani, ndama wa kwanza unaweza kumkadiria. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, mmoja atatoka na pembe za bibi yake na mwingine na kiwele cha babu wa upande wa pili. Kwa mbwa ni vivyo hivyo: chotara wawili wa kilo 25 wanaweza kuzaa, katika tumbo moja, mtoto atakayekuwa na kilo 15 na mwenzake wa kilo 34. Neno "chotara" peke yake, basi, halikuambii kitu mpaka ujue ni chotara wa ngapi.

Wanasayansi wametusaidia kuelewa kwa nini tofauti hizi ni kubwa hivyo. Kimo cha binadamu huamuliwa na maelfu ya vinasaba, kila kimoja kikichangia kidogo sana. Kwa mbwa, vinasaba vichache tu vinabeba sehemu kubwa ya tofauti yote. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilionyesha kwamba kinasaba kimoja kinachohusika na kichocheo cha ukuaji kinawatenganisha kwa kiasi kikubwa mbwa wadogo na wakubwa; na mwaka 2022 ikabainika kwamba badiliko lenyewe ni la kale mno, kwani alama yake ilipatikana katika mabaki ya mbwamwitu wa Siberia aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Vinasaba vya rangi ni vingine kabisa. Mgongo mweusi na miguu ya kahawia vinaweza kurithiwa bila kilo hata moja kuandamana navyo. Masikio yaliyosimama nayo si ushahidi, kwa sababu mbwa wetu wengi wa kienyeji husimamisha masikio, tena mapema kuliko Jemani, ambaye masikio yake aghalabu hukamilika kusimama akiwa na miezi minne hadi sita.

Liko jambo jingine ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa afisa mifugo, nikaona aibu kuuliza mara mbili. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jike anapokuwa katika joto huweza kupandwa na madume kadhaa kwa siku mbalimbali, na kila dume likaacha watoto wake. Jike aliyefungiwa uani na Jemani kwa wiki nzima, kisha akatoroka jioni moja kuelekea migombani, anaweza kuzaa watoto wa Jemani na watoto wa migombani pamoja. Muuzaji anayekuonyesha picha ya baba kwenye simu huenda anasema kweli kuhusu watoto wawili kati ya sita, na yeye mwenyewe asijue ni wapi.

Sasa tuje kwenye kupima, maana ndipo mnunuzi anapopata nguvu.

Mama zangu mnaijua kadi ya kliniki. Muuguzi hampimi mtoto mara moja akamhukumu. Huweka nukta, mwezi unaofuata nukta nyingine, kisha hutazama mstari unaelekea wapi. Mtoto wa mbwa hutabiriwa hivyohivyo. Mwaka 2017 zilichapishwa chati za ukuaji wa mbwa zilizotokana na kumbukumbu za uzito za maelfu ya mbwa wenye afya, na zinaonyesha mistari inayopanda kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha ikalala taratibu. Mbwa mdogo hulala mapema, na mbwa mkubwa huendelea kupanda kwa muda mrefu. Mbwa wa wastani hukaribia uzito wake wa mwisho akiwa na miezi 10 hadi 12. Mkubwa wa aina ya Jemani huendelea hadi mwaka na nusu, na wale majitu kabisa hukaribia miaka miwili.

Kutokana na mistari hiyo tunapata kanuni moja rahisi. Mpime mtoto akiwa na wiki 16 kamili, yaani karibu miezi minne, kisha zidisha kwa mbili. Kwa mbwa wa wastani hesabu hii hukaribia ukweli. Kwa mbwa mdogo sana itazidisha kidogo, kwa kuwa yeye hupita nusu ya uzito wake mapema zaidi. Kwa mbwa mkubwa itapunguza kidogo, kwa kuwa nusu yake huifikia akielekea miezi mitano. Akiwa na kilo 6 katika wiki ya 16, tegemea kilo 12 au 13. Akiwa na kilo 11, tegemea 22 au zaidi kidogo.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji wanaipenda, nanyi jihadharini nayo. Huchukua uzito, wakaugawanya kwa idadi ya wiki, wakazidisha mara 52. Mtoto wa wiki 8 mwenye kilo 6 anageuka, kwa hesabu hiyo, kuwa mbwa wa kilo 39. Hesabu inavutia kwa kuwa ina tarakimu, lakini inadhani kwamba mbwa hukua kwa kasi ileile mwaka mzima, kana kwamba mahindi yaliyofika magotini mwezi wa kwanza yatafika paa la nyumba kabla ya mavuno. Hutoa majibu makubwa kuliko ukweli.

Mizani si lazima iwe ya kitaalamu. Ya dukani au ya kuning'iniza inafaa, mradi imehakikiwa. Ukiwa na ile ya kusimama juu yake, jipime ukiwa umembeba mbwa, kisha jipime peke yako, utoe. Pima asubuhi kabla hajala. Na mtazame tumbo. Tumbo la duara lililokaza kama ngoma, wakati mbavu na uti wa mgongo vinahesabika, si unono. Mara nyingi ni minyoo ambayo watoto huipata kwa mama yao tangu wakiwa tumboni. Mtoto wa namna hiyo huonekana mnene siku ya kuuzwa.

Lakini sikilizeni, mizani bila umri ni bure. Kilo 6 za wiki 8 ni habari njema kwa anayetaka mbwa mkubwa, kwa sababu Jemani wa umri huo huwa na takriban kilo 6 hadi 8. Kilo 6 za wiki 16 ni mbwa wa kienyeji wa kawaida. Uzito ni uleule na mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni neno moja la muuzaji, na neno hilo lina thamani ya shilingi laki moja. Ndiyo maana udanganyifu mkubwa katika biashara hii hauko kwenye rangi wala kwenye picha za simu. Uko kwenye umri.

Umri, kwa bahati nzuri, mbwa anautembeza mdomoni. Meno ya utoto huanza kutoka katika wiki ya 3 au ya 4, na kufikia wiki ya 8 kwa kawaida yamekamilika, 28 kwa jumla. Ni madogo, meupe, makali kama sindano. Kuanzia miezi 3 hadi 4 yale ya mbele huanza kung'oka, na meno ya ukubwani hushika nafasi: mapana, manene, yenye kingo za mawimbi. Chonge za utoto huanguka karibu na mwezi wa 5 au wa 6, na ifikapo miezi 7 mbwa ana meno yake yote 42 ya ukubwani. Basi, mfunue mdomo mtoto unayeuziwa. Mshike kwa upole, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, tazama meno ya mbele. Ukiona mapengo, au jino pana kati ya meno membamba, mbwa huyo hana wiki 8, aseme nini yule mwenye pikipiki.

Jino ambalo mama yangu aliliokota kwenye gunia lilikuwa jino la mbele la utoto. Mbwa wetu alikuwa na miezi minne siku aliyonunuliwa. Zidisha kilo 6 kwa mbili.

Ningependa kusema kwamba hasara ile iliishia kwenye shilingi 120,000 na kicheko. Mwezi mmoja baadaye yule mbwa, akicheza, alimng'ata mkononi mtoto wa jirani. Kidonda kilikuwa kidogo, mchubuko tu wa meno mapya. Lakini kadi ya chanjo haikuwepo, na muuzaji hakupatikana tena kwenye namba aliyoacha. Mama alikosha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kama inavyopasa, kisha mtoto akapelekwa hospitali kuanza sindano, na mbwa akafungwa kuchunguzwa siku 10. Siku hizo kumi mama hakulala vizuri. Jirani naye hakulala. Mbwa alibaki mzima, mtoto alibaki mzima, ila nauli na gharama za sindano zilizidi bei ya mbwa, na mazungumzo baina ya nyumba zile mbili yakapoa kwa muda mrefu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Ndiyo sababu, katika yote matatu aliyoyasema muuzaji, uongo wa chanjo ndio ninaouona mzito kuliko wa umri na wa baba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akitimiza miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Akichanjwa mapema zaidi katika kampeni ya kijiji si vibaya, ila atapaswa kurudiwa. Anayekuambia kwamba mtoto wa wiki 8 amekwisha maliza chanjo hiyo, mwombe kadi yenye tarehe, jina la chanjo na sahihi ya mtaalamu wa mifugo. Akikosa kadi, mhesabu mbwa huyo kuwa hajachanjwa, umpeleke kwa afisa mifugo wa kata wiki hiyohiyo.

Nije kwenye sheria, na nitakuwa mfupi. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mtu katika biashara kufanya au kusema jambo la kupotosha au linaloelekea kumpotosha mnunuzi. Haibagui kati ya sementi na mbwa. Ila lazima tutenganishe aina mbili za maneno. "Atakuwa mkubwa" ni makisio. Muuzaji mwaminifu naye hukisia akakosea, na mimi sitamwita tapeli kwa sababu mbwa amepungua kilo tano. "Ana wiki 8", "baba yake ni yule pale", "amechanjwa": haya ni madai ya ukweli, nayo yana ushahidi wake, ama upo ama haupo. Malalamiko mengi ya aina hii yanayotufikia yanashindwa kusonga mbele kwa sababu mnunuzi anakumbuka makisio tu. Anasema, "Aliniahidi atafika kiunoni." Mkono uliowekwa kiunoni hauandikwi popote.

Kwa hiyo yaandikeni madai. Karatasi ya daftari inatosha: jina la muuzaji na kijiji chake, tarehe, bei, umri anaoutaja, wazazi anaowataja, chanjo na dawa ya minyoo anazozitaja, na uzito wa siku hiyo. Atie sahihi, na jirani au mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Wauzaji wengine watakasirika, na huenda hapo ndipo mtakapojua mnashughulika na nani. Ukiweza, nenda mpaka alipozaliwa mtoto, umwone mama yake. Baba anaweza kusimuliwa; mama yupo pale ananyonyesha. Mama wa kilo 12 hazuii kabisa kupatikana kwa mtoto mkubwa, lakini anapunguza matumaini. Afadhali zaidi, kubaliana na muuzaji ulipe sehemu sasa na sehemu baada ya kumpima katika wiki ya 16. Najua si rahisi na pikipiki za njiani. Kwa mfugaji wa kijiji jirani inawezekana, na baadhi yenu, nimesikia, mmeshaanza.

Watu huniuliza pia kuhusu nyayo. Nyayo kubwa ni dalili, lakini dalili dhaifu, kwa kuwa miguu ya kila mtoto wa mbwa hutangulia mwili. Zina maana kidogo unapowalinganisha ndugu wa tumbo moja na umri mmoja. Na wengine huuliza kama chakula kingi kitamfanya afike kiunoni. Njaa na minyoo vinaweza kumdumaza asifikie kimo chake. Ila kumshindilia chakula hakumwongezei kimo ambacho hakurithi. Humletea mafuta, na kwa chotara mkubwa kweli huharibu viungo vinavyoendelea kukomaa. Vivyo hivyo unga wa mifupa na madini ya chokaa yanayochanganywa kwa kukisia. Kuhasi mapema sana kunaweza kurefusha miguu kidogo, lakini hilo mwachieni daktari wa mifugo aamue.

Nami nawaulizeni swali ambalo muuzaji haulizi: mbwa mkubwa huyo, mtamlisha nini? Mbwa wa kilo 35 anahitaji chakula zaidi ya mara mbili ya mbwa wa kilo 12, kila siku, kwa miaka 10 au zaidi, msimu wa kahawa na msimu usio wa kahawa. Jemani mwenye njaa hakai mlangoni. Huenda kwa jirani, hula mayai, hufukuza kondoo, na akikutana na mtoto anayetoka shule mambo huwa makubwa kuliko mchubuko. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Kwa kaya nyingi ninazozijua, mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa na kushiba wanalinda boma vizuri kuliko chotara mmoja mwenye njaa. Hayo ni maoni yangu, si ya ofisi.

Mbwa wa mama bado yupo. Tangu aje hatujaibiwa mbuzi, ingawa sina hakika kama ni yeye au ni taa ya jua tuliyoiweka zizini mwaka uleule. Mama husema ni yeye.

Nimekuja na mizani iliyohakikiwa, iko mezani pale, na afisa mifugo ataketi hapa hadi saa nane mchana akiwa na chanjo. Nimewaona watatu waliokuja na watoto wa mbwa kwenye vikapu. Mama mwenye kitenge cha kijani, tuanze na wako. Mshike vizuri, tumtazame meno kwanza.